Mchanga wa Wapangaji

Baba-mukwe wangu alikuwa anaonja mchanga. Siyo kuutazama, siyo kuusugua kwa vidole kama fundi wa nyumba. Kuuonja. Aliuchota kidogo, akautia mdomoni, akafunga macho, akauzungusha kutoka shavu hili mpaka shavu lile kama mtoto aliyepewa bonbo ya sukari, kisha akautema pembeni na kukata hukumu.

"Huu iko na meno."

Au: "Huu ni unga. Utawaziba pumzi."

Au, mara chache sana: "Huu... ngojeni." Na akachota tena.

Jina lake sitalitaja. Majina nayakumbuka yote, ya Nyamianda nzima, mtaa wetu wa Uvira, ya wazima na ya waliotangulia, hata ya mbwa wao, na wajukuu wangu wakibishana juu ya ukoo wa mtu huja kwangu kama watu wanavyokwenda kwa hakimu. Lakini kwetu mwanamke hatamki jina la baba wa bwana wake, hata kama yule baba ameshalala kaburini, na sioni kwa nini nianze kukosa adabu nikiwa nimebakiza meno machache. Alikuwa Baba-mukwe. Inatosha.

Mchanga aliutafutia samaki. Nieleze vizuri, maana wengine mtadhani alikuwa mgonjwa.

Kabla ya uhuru, kule Kalundu bandarini, kulikuwa na Mzungu aliyenunua samaki wadogo wa ziwa letu. Hakuwala. Aliwapeleka Ulaya kwa ndege, wakiwa wazima, na huko watu waliwaweka katika sanduku la vioo sebuleni wakawa wanawaangalia. Baba-mukwe ndiye alikuwa anazama kuwakamata, halafu akawekwa kulinda masanduku. Masanduku yale chini yalikuwa matupu, kioo tu, ili uchafu uonekane upesi na kusafishwa. Mzungu hakuwa mtu mbaya. Kwake samaki walikuwa wasafiri wa kulala siku mbili tatu na kuondoka. Lakini Baba-mukwe alikuwa akiwatazama mchana kutwa, na akaona kwamba wengine wanakaa tu wima, wameangalia pembe moja, kama watu wanaongoja kuitwa kwenye biro ya serikali.

Waliomuuma moyo zaidi ni wale wadogo, urefu wa kidole, wanaokaa ndani ya makombe ya konokono. Konokono akifa chini ziwani, kombe lake linabaki tupu, basi samaki huyu anaingia na kufanya ndiyo nyumba. Analifukia katika mchanga mpaka ubaki mlango tu. Mchanga anauchimba kwa mdomo. Hana jembe lingine. Baba-mukwe aliwaita wapangaji.

Uhuru ulipofika, Mzungu alifunga mizigo yake na kuwaambia wafanyakazi kila mmoja achukue kitu. Mmoja alichukua baisikeli. Mmoja kitanda cha chuma. Baba-mukwe alirudi nyumbani na sanduku la vioo kichwani na ndoo ya wapangaji mkononi, na Mama-mukwe akakaa chini barazani akalia.

"Kulikuwa mashini ya kushona!" alisema. Alisema hivyo siku ile, na akaendelea kusema hivyo maisha yake yote, hata kanisani mtu akihubiri juu ya nafasi zilizopotea.

Mimi nilikuwa mke mgeni katika nyumba ile. Nilitoka Katogota, kule bondeni kwa mpunga, na samaki nilimjua akiwa kwenye sufuria tu. Sasa kwetu mke wa mtoto hapokezani kitu na baba-mukwe mkono kwa mkono, wala hawasemezani uso kwa uso. Nikileta beseni la maji ya ziwa, naliweka chini, narudi nyuma, ndipo yeye analinyanyua. Katika nyumba nyingine maneno hupelekwa na mtoto. Nyumbani kwetu mtoto hakuwepo bado. Walikuwepo samaki.

Basi Baba-mukwe aliinama kwenye kioo na kusema kwa sauti ya kufika jikoni:

"Wapangaji, muambieni ule mama, maji ya leo iko na moto. Ayaache kwanza kivulini."

Nami nikajibu nikiwa nimewapa mgongo wote:

"Wapangaji, muambieni Baba, kwenye kivuli ndiko niliyaweka. Ni jua lilizunguka."

Halafu:

"Wapangaji, ule mama iko na haki."

"Nyumba hii," alisema Mama-mukwe, "hata samaki wamepata kazi ya ukarani."

Jirani yetu wa ukuta alikuwa Byamungu, fundi wa viatu, rafiki wa Baba-mukwe tangu utoto, na kwa sababu hiyo adui yake wa kila siku. Byamungu alikuja kuliona sanduku, akalizunguka kama anayenunua ng'ombe, akasema:

"Inchi nzima imepata uhuru, weye unafungua kasho nyumbani kwako."

Kasho ni gereza. Neno lile lilimchoma Baba-mukwe, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye alikuwa analifikiri.

"Siyo kasho. Ni nyumba."

"Nyumba, muntu anazaa ndani yake. Umeshaona wapi mufungwa anazaa?"

"Watazaa."

"Na wasipozaa?"

"Wasipozaa, minye nitasimama mbele ya bantu yote na kusema nilikuwa mulinzi wa kasho."

Watu walicheka, lakini Baba-mukwe hakucheka. Kwa nini hakuwarudisha tu ziwani, ziwa liko pale, unalisikia ukiwa kitandani? Nilijiuliza hivyo mara nyingi. Nadhani alitaka kujua kama inawezekana kumkaribisha kiumbe vizuri kiasi kwamba asahau alikuja kwa nguvu. Na alikuwa na hakika kwamba yote yanatoka chini, kwenye mchanga. "Muntu akikukaribisha," alisema, "usiangalie ukuta. Angalia kitanda."

Mchanga wa kwanza aliuchota mto Kalimabenge, kwa kuwa ulikuwa karibu. Wapangaji waliujaribu kwa heshima. Walichukua punje moja moja, wakasukuma, wakaacha, wakalala juu ya makombe yao kama wajenzi waliokosa sementi. Mmoja alitoka mdomo umevimba. Baba-mukwe akautoa wote. "Muchanga wa muto bado ni kijana," alisema. "Haujagongana na dunia."

Wa pili aliufuata Makobola, kwa miguu, na kurudi na gunia juu ya lori la mihogo. Mchanga mweupe huo, mzuri, unang'aa kama sukari. Mimi mwenyewe niliupenda. Tukaumwaga, tukangoja, na baada ya siku chache wapangaji walikuwa wamepauka, rangi yote imewatoka, wanajificha kutwa. Byamungu akachungulia.

"Ah! Bazungu wamerudi!"

Mtaa mzima ulikuja kuona wazungu waliorudi. Baba-mukwe alingoja mpaka watu walipoondoka, kisha akaiambia dari: "Nilichagua wa kupendeza macho yangu minye. Nani aliniambia kitanda ni cha muntu anayekitazama?"

Nisiwadanganye mkadhani alikuwa mtakatifu wa samaki. Alikuwa anawala. Mukeke, samaki wetu wa kuchoma, akimmaliza alinyonya kichwa mpaka jicho. Siku moja Kashindi, bwana wangu, alimuuliza haoni haya kula ndugu wa wageni wake mbele yao, maana meza iliwekwa karibu na kioo.

"Huyu ni mugeni, huyu ni mboga," alisema Baba-mukwe huku akitoa mwiba. "Muntu asiyejua kutenga mugeni na mboga, huyo ndiye wa kuogopa."

Tena mtu aliyezama ziwa maisha yake yote aliogopa mvua. Ngurumo ikilia tu, alikuwa chini ya kitanda. "Maji ya chini nayafahamu," alijitetea. "Haya ya juu sijui yametoka kwa nani."

Na alikuwa mkorofi wa meza. Hapo ndipo mchanga wenyewe ulipopatikana.

Mnajua ndagala wetu, dagaa wa ziwani. Wanawake wa pwani huwaanika juu ya mchanga, kwa hiyo mchanga unashikamana nao, na kazi ya kila mama mwenye heshima ni kuwapepeta kwa lungo na kuwaosha mpaka asibaki hata punje. Mama-mukwe alikuwa malkia wa kazi hiyo. Alijisifu kwamba tangu aolewe hakuna jino lililolia katika nyumba yake. Kwa ndagala waliooshwa vibaya alimsema mke wa Byamungu, alimsema mke wa pasta, na mimi alinisema kabla sijapika.

Siku hiyo wanaume walikuwa wanakula: Baba-mukwe, Kashindi, na Byamungu, ambaye alikuwa anapita tu, kama alivyokuwa anapita tu kila saa ya chakula. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Baba-mukwe alikata tonge la bugali, akachota ndagala, akatafuna. Tukasikia wote: kruu.

Mama-mukwe, aliyekuwa anakuja na maji ya kunawa, alisimama. Kashindi akaangalia paa. Byamungu alimtazama Mama-mukwe kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka.

Baba-mukwe alifunga macho. Akakipeleka kile kitu shavu hili, akakipeleka shavu lile.

"Muchanga," akasema.

"Muchanga gani? Ndani ya chungu changu?"

"Mwororo. Hauna meno. Hauna unga. Ee Mungu." Akatoa punje kwenye ulimi, akaiinua kwenye mwanga. "Mama Kashindi, iko mwingine?"

"Weye uko nanitukana mbele ya jirani!"

"Sikutukani, niko nakusifu!"

"Kunisifu kwa muchanga!"

"Minye pia nimepata kapunje," alisema Byamungu kwa upole. "Ni muzuri kweli."

Mama-mukwe alinyanyua chungu kizima akaondoka nacho. Walimaliza bugali kwa chumvi.

Kesho yake asubuhi Baba-mukwe alikwenda Kalundu kwa Mama Sifa, aliyetuuzia wale ndagala. Mimi nilifuata nyuma na lungo, kwani mzee hawezi kubeba lungo. Na pale alifanya kosa ambalo mtu wa ziwa hapaswi kufanya. Alisimama katikati ya wauzaji wote akasema kwa sauti:

"Mama Sifa, ndagala zako ziko na muchanga!"

Yule mama aliruka. "Zangu? Muchanga? Muulize bibi yako kama anajua kuosha!"

"Hapana, mama, minye ndiyo nautafuta."

"Unatafuta nini? Unatafuta kesi?"

Wauzaji wengine nao wakaanza kuapa, huyu kwa mtoto wake, huyu kwa marehemu mama yake, kwamba kwao mchanga haujulikani kabisa, labda kwa yule pale. Na wote wamekaa juu ya mchanga! Baba-mukwe alipoona maneno hayafiki, alipiga magoti mahali Mama Sifa alipoanika, akachota, akatia mdomoni.

Wauzaji walirudi nyuma hatua moja.

"Amepandwa na pepo," mmoja alinong'ona.

Kwa wanawake mdomo wangu haukuwa umefungwa. Nikamsogelea Mama Sifa. "Mama, tusamehe. Ni kwa ajili ya samaki. Wako wazima, wako nyumbani. Wanataka kitanda."

Alinitazama sana. "Samaki wazima wanataka muchanga wa samaki wakavu?"

"Ndiyo, mama."

"Chukueni. Lakini musiseme kwa muntu umetoka kwangu."

Baadaye Baba-mukwe alieleza, na hata mimi nilielewa. Mchanga ule ulikuwa umegeuzwa na mikono ya wanawake miaka na miaka. Walitandaza, walifagia, walikung'uta. Mawe waliyatupa ili yasichubue ndagala, vumbi lilichukuliwa na upepo, zikabaki punje za umbo moja, zilizochoka kuuma, rangi ya unga wa ulezi. Hakuna mtu aliyeutengeneza kwa makusudi. Niliuosha ziwani kama tunavyoosha mchele kwetu, maji baada ya maji, mpaka harufu ikaisha na beseni likaonyesha sura yangu. "Wapangaji," nilisikia nyuma ya mgongo, "watu wa Katogota wanajua kuosha." Sikuwahi kusifiwa katika nyumba ile kabla ya hapo. Niliosha tena, bila sababu.

Tulipoumwaga, wapangaji waliushukia kama watu walioitwa shambani mvua ya kwanza. Walijaza midomo, wakatema, wakajaza. Makombe yakaanza kuzama. Rangi yao ikarudi, mistari na yote. Baba-mukwe alikaa mbele ya kioo akipiga makofi kila kombe lilipokwenda chini, mzee mzima. Byamungu alikuja, akatazama muda mrefu.

"Wanachimba," akakubali. "Kuchimba siyo kuzaa."

Na ilikuwa kweli. Msimu ukapita, na mwingine. Walichimba, waligombana, walihamishana, ila mtoto hakuonekana. Baba-mukwe aliacha kumtania Byamungu, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya maumivu.

Kisha uasi ukafika Uvira. Vijana waliojipaka dawa ili risasi ziwe maji waliingia mjini, na watu wengi wakapanda milima. Baba-mukwe alikataa. Mama mmoja wa wapangaji alikuwa ameingia katika kombe lake na hatoki, na dume lake linazunguka mlangoni na kumuuma kila anayekaribia. "Hii ndiyo saa," alisema. Mama-mukwe naye mguu ulikuwa mbaya, basi tukabaki wote.

Walikuja mchana. Komanda wao na vijana wanne hivi, wenye majani vichwani. Mtu alikuwa amewaambia kwamba humu mna kitu cha Mzungu. Baba-mukwe alisimama mbele ya sanduku na mikono imefungwa mgongoni.

"Hiki ni cha nani?"

"Kilikuwa cha Muzungu. Sasa ni chao," akaonyesha kwa kidevu.

"Chao nani?"

"Inama, utawaona."

Komanda akainama. Lile dume lilikuwa linasukuma mchanga nje ya mlango, mdomo umejaa, linatema, linarudi.

"Huyu iko nachimba handaki!" alisema komanda, akawaita wenzake. Kijana mmoja akatumbukiza kidole. Dume likakirukia, likakiuma. Kijana akapiga kelele, wenzake wakaanguka kwa kicheko: "Risasi hazikuwezi, samaki amekuweza!" Na hapo hapo mbinguni kukalia ngurumo, na Baba-mukwe, aliyesimama mbele ya bunduki bila kupepesa, akaingia chini ya meza.

"Muzee!" komanda alifuta machozi ya kucheka. "Sisi hutuogopi, unaogopa mvua?"

"Nyinyi muna masikio," ilisema meza.

Walikaa mpaka mvua ikakatika, wamechuchumaa mbele ya kioo kama watoto, halafu wakaenda zao. Hawakuchukua hata kuku. Sisemi walikuwa wema. Mahali pengine walifanya yao. Nasema nilichokiona.

Majeshi ya serikali yaliporudi, ndege zikapita juu, na tukakimbia. Mtumbwi wa ndugu ulichukua wazee kwanza, kwenda Makobola. Mimi na Kashindi tulikuwa tufuate njia ya bonde, Katogota, halafu ng'ambo ya mto Ruzizi. Baba-mukwe alikuwa ameshaitwa mara mbili. Aliweka paji la uso kwenye kioo.

"Wapangaji," alisema, na sauti yake haikuwa ya kuchezea, "muambieni ule mama asiwaache mufe humu peke yenu. Awapeleke kwao."

Akatoka bila kugeuka. Nami nikachota maji kwa kikombe mpaka sanduku likaweza kuinamishwa, na maji yalipopungua nikaona mchanga karibu na lile kombe unatetemeka. Niliinamisha kichwa. Walikuwa wengi, wadogo kama punje za ulezi zenye macho, wamekaa juu ya mchanga mlangoni kwa mama yao. Nilipowatilia kivuli, walirudi ndani wote mara moja, kama waliofundishwa.

Nilimkimbilia pwani Baba-mukwe. Mtumbwi ulikuwa mbali tayari. Nikarudi nyumbani, nikawabeba wapangaji kwa beseni, mchanga na makombe na wote, nikaingia majini mpaka kifuani na kuwashusha taratibu. Kisha nikaenda na Kashindi bondeni, nguo zimelowa, nikitabasamu peke yangu katikati ya watu wanaolia.

Miaka ile ya ukimbizi, ujumbe wa samaki ungempa nani apeleke? Watu walikuwa wanaulizana nani yuko hai.

Tuliporudi Nyamianda nilikuwa na watoto. Baba-mukwe na Mama-mukwe walikuwa wamesharudi kabla yetu. Nilimkuta uani, juu ya mkeka, amekonda, ndevu nyeupe. Sanduku halikuwepo. Mtu alikuwa ameng'oa vioo akafanya dirisha. Nilipiga magoti mbali kidogo, nikageuza uso kama inavyopaswa. Akatazama huku na huku akitafuta wa kusema naye. Akamwona kuku.

"Kuku, muulize ule mama kama alisafiri muzuri."

"Kuku, muambie Baba, tulisafiri muzuri."

Kisha akasema polepole: "Kuku, muambie maneno yenye nilishamuambia Byamungu mbele ya bantu yote, siku niliporudi. Yeye ndiye alikuwa na haki. Hawakuzaa. Nilikuwa mulinzi wa kasho."

Sijui nilipata wapi nguvu. Niligeuka. Nilimwangalia machoni, mara ya kwanza tangu niolewe, na niliona kwamba yalikuwa ya kahawia.

"Baba," nikasema, "walizaa."

Hakusogea.

"Walizaa, Baba. Siku ile ile. Niliwaona kwa macho haya. Walikuwa wengi, wamekaa mlangoni juu ya muchanga, na mama yao aliwaita ndani wakaingia."

Kisha akapiga ukelele. Siyo wa mzee, ukelele wa mtu mwenye nguvu zake, wa kutoka tumboni, na wa pili juu yake, akipiga mkeka kwa viganja. Miaka ile, mzee akipiga kelele hivyo, maana yake ilikuwa moja tu. Wanawake walitoka nyumba zote, mikono kichwani, wengine wanajifunga vikwembe viunoni huku wanakimbia. Byamungu aliruka ukuta na kiatu kimoja. Mama-mukwe alitoka jikoni na mwiko, anachechemea, uso umekwisha.

"Nani?" alilia. "Nani tena amekufa?"

Baba-mukwe alikuwa anacheka na machozi yanateremka kwenye ndevu, hawezi kuvuta pumzi, amenyanyua mkono ili watu wote wangoje.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Wamezaliwa."